Mnara Niliouzoa Sakafuni

Mpaka leo, nikikuta karatasi imelala sakafuni nyumbani kwa mtu, siiokoti. Naizunguka kwa kupita ukutani kama paka aliyeona maji, kisha namuuliza mwenyewe: hii imeanguka, au imewekwa? Wenzangu wa ajensi ya wahudumu wa wazee wananicheka. Mmoja aliniambia, "Wewe utakuja kumuuliza mtu kama vumbi lake limeanguka au limewekwa." Nikamwambia ndiyo, nitamuuliza.

Mambo yalianzia kwenye fomu. Nilipoomba kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kulikuwa na mahali pa kuandika lugha unazozijua. Vyeti vyangu vinaishia kidato cha nne, na hicho cha nne chenyewe si cha kutundika ukutani, kwa hiyo nilifurahi kupata kisanduku ninachoweza kukijaza. Nikaandika Kiswahili. Miezi miwili baadaye wakanipigia: kuna bibi mmoja Rayners Lane, hapa hapa Landani, Mhindi, kazaliwa Tanga, macho yamemharibika, anataka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Na mimi ni wa Muheza. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mama aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Ugonjwa wake wa macho ulikuwa wa ajabu. Katikati ya kila kitu palikuwa na doa, lakini pembeni aliona. Akitaka kukuona uso anatazama sikio lako. Akitaka kuona saa ya ukutani anatazama dirisha. Siku ya kwanza nilidhani ananidharau.

"Mbona umesimama kama askari wa zamu?" aliniuliza huku akilitazama kabati. "Kaa. Watokea wapi?"

"Muheza, Bibi."

"Muheza ya machungwa. Baba yangu alikuwa na duka Tanga, barabara ya nane. Chai unajua kuipika, au unajua kuchovya tu kama watu wa huku?"

"Naipika, Bibi. Na tangawizi."

"Basi tutaelewana."

Nilikuwa nafika kwake saa sita mchana na kuondoka saa tisa. Namtilia dawa ya macho, namsaidia kuoga, napika, nasafisha. Asubuhi alikuwa peke yake, na asubuhi zake zote alizimalizia kwenye chumba cha nyuma, kile kinachotazama bustani. Nikifika namkuta anatoka humo akijikung'uta magoti.

Nikiwa napika alinisimulia ujana wake. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu majengo hapa Landani. Kila kiangazi, wenzake wakienda ufukweni kulala juani, yeye alipanda treni hadi kwenye mlima mmoja uliogawa nchi mbili, akachimbe na watu wa akiolojia. Huko juu, penye mwanya ambao ndio njia pekee ya kuvuka, Warumi walipasua mwamba wakapitisha barabara. Magurudumu ya mikokoteni yalipita mahali pamoja kwa miaka na miaka mpaka yakachimba mifereji kwenye jiwe. Alinionyesha upana wa mikokoteni hiyo juu ya meza ya jikoni, kidole kimoja kwenye bakuli la sukari, kingine kwenye sahani ya vitunguu.

"Sasa," akasema, "jemadari mmoja alishinda vita, akaona haitoshi kushinda. Akajenga mnara pale pale juu ya mwanya, penye barabara, ili mtu asivuke mlima bila kuambiwa kwamba yeye kashinda."

"Kama wale wanaoweka mabango njiani wakati wa uchaguzi."

"Hasa. Bango la mawe. Halafu wakaja watu wengine wenye shida zao, wakayachukua mawe moja moja. Wengine wakajengea kanisa, wengine kisima, wengine zizi. Zile sifa zote zikaishia kuzuia nguruwe wasitoke."

Tulicheka. Nilipenda sana hadithi za barabara ile. Nikiwa kwenye basi la kurudi nilikuwa najiona nimo ndani ya mkokoteni, napanda mlima, naukaribia mnara. Mimi ni mtu wa kuota macho wazi, tangu shuleni. Mwalimu wa hesabu alikuwa akinigonga kichwani kwa chaki na kuniuliza nimefika wapi.

Lakini kwa Bibi haikuwa hadithi. Pale mlimani palibaki mashimo ya msingi tu, yaliyochongwa kwenye mwamba kulia na kushoto mwa barabara. Wataalamu wakasema: ilikuwa minara miwili, mmoja huku na mwingine kule, barabara inapita kati, na juu ni mbingu tupu. Bibi hakuwa na cheti cha mambo hayo. Yeye alikuwa na kalamu. Alizunguka kanisani, kisimani na mazizini akichora kila jiwe la mnara aliloliona, upande kwa upande, kila pengo na kila kovu, kiangazi baada ya kiangazi. Na mikono yake ikamwambia kwamba mnara ulikuwa mmoja. Ulivuka barabara kwa tao, na msafiri alipita tumboni mwake.

"Wao wameyasoma," alisema. "Mimi nimeyashika."

Siku moja, akilitazama birika ili anione vizuri, akaniambia, "Daktari kayapa macho yangu mwaka, labda pungufu. Nataka mnara wangu usimame kabla hayajazima."

Nikaitikia, "Utasimama, Bibi." Nilidhani anaandika kitabu.

Sikuyaunganisha kabisa maneno hayo na kile chumba cha nyuma, na hapo ndipo nashindwa kujisamehe. Nilikuwa nakichungulia nikienda kumwita ale. Sakafuni, juu ya zulia la kijivu, kuanzia karibu na mlango hadi dirishani, kulikuwa na karatasi zile nyembamba za kuchorea zinazopitisha mwanga. Zilikuwa mia na kitu, nyingine kama kiganja, nyingine kama daftari, na kila moja imekatwa kwa umbo lake na kuchorwa jiwe kwa wino mweusi. Bibi alikuwa amepiga magoti pembeni yake, mto chini ya magoti. Mimi nikasema moyoni, wazee wa huku kila mmoja ana mambo yake. Niliwahi kumhudumia babu mwenye treni ndogo zilizojaa sebule nzima, na mama mwenye vijiko vya miji yote aliyotembelea. Basi, huyu naye ana karatasi zake.

Jumatatu akaniambia Jumamosi kuna mgeni. Ni mtu wa akiolojia kutoka kule kule mlimani, ambaye siku hizi ndiye anayesimamia uchimbaji. Alikuwa amechangamka kama mtoto wa sikukuu. Alinituma nipige pasi gauni lake la hariri. "Jumamosi nataka nyumba inukie," akasema. Hakuniambia mgeni anakuja kuona nini, nami sikuuliza. Kwetu mgeni akija humuulizi anakuja kuona nini, unapika.

Jumatano mchana mwanawe wa kiume alikuja kumchukua kwenda kliniki ya macho. Wakaniachia ufunguo, nimalize saa zangu, nao wangerudi kabla sijaondoka. Nikabaki na nyumba peke yangu na furaha yangu. Nilifua mapazia. Nilisugua vigae vya jikoni kwa mswaki. Nilichoma udi ambao mama yangu alinitumia na nilikuwa nauwekea sikukuu. Kisha nikafika chumba cha nyuma.

Nataka kueleza jinsi ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mama yangu alinilea kwamba mgeni hapiti juu ya vitu. Ukimwonyesha mgeni sakafu yenye makaratasi umemwambia hukumtarajia. Na ajensi, siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, walituambia kila kitu kilichoachwa sakafuni ni nyonga ya mzee iliyovunjika. Kwenye daftari la huduma la Bibi imeandikwa hivyo hivyo: ondoa vitu sakafuni. Mama na ajensi hawajawahi kukubaliana jambo jingine lolote. Nikaona nikisikiliza wote wawili siwezi kukosea.

Nikakaa chini nikaziokota. Niliziokota kwa upole, sikukunja hata moja. Nilizipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu, nikazifunga kwa utepe na kuzilaza ndani ya boksi lake bapa la michoro. Nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi mpaka zulia likawa na mistari kama uwanja wa mpira. Halafu nikatoka mbio hadi maduka ya karibu na stesheni, nikanunua maua, nikaleta kimeza kidogo, nikakiweka katikati ya chumba na maua juu yake. Nikasimama mlangoni kutazama. Niliona nimefanya jambo zuri kuliko yote tangu nifike nchi hii.

Waliporudi, Bibi alinusa udi tangu kwenye ngazi. "Nani kafa?" akauliza, na mwanawe akacheka. Akaja mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akasimama. Akatazama dirisha, yaani anaangalia sakafu. Akatazama ukuta wa kulia. Akatazama ukuta wa kushoto. Nilidhani anashangaa uzuri.

"Ziko wapi?"

"Nimeziweka vizuri, Bibi, ndani ya boksi. Hakuna iliyokunjika hata moja."

Hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango, akateremka taratibu mpaka akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya zulia kama mtu anayetafuta hereni.

"Umeziokota kwa mpango gani?"

"Kwa ukubwa, Bibi."

"Kwa ukubwa," akarudia.

Mwanawe, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akamwambia mama yake asihuzunike, kila karatasi si ina namba? Bibi akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Namba inasema jiwe limekutwa wapi. Hili la zizini, hili la kanisani, hili la kisimani. Haisemi lilitoka sehemu gani ya mnara. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta hapa chini miaka miwili."

"Na hukupiga picha?"

"Ulikuwa haujaisha. Mtu hupiga picha kitu kilichoisha." Akapapasa zulia tena. "La mwisho nililiweka jana."

Hapo nikaelewa, na nikaanza kulia. Nililia nikiwa nimelikumbatia lile boksi. Bibi akaninyooshea leso bila kunitazama sikio. "Lilia pembeni," akasema. "Wino huo hauwezi maji."

Alhamisi ajensi walinipa siku ya mapumziko, nikaenda kwake asubuhi na mapema. Usiku kucha niliota tumekwisha kuupanga, na mgeni anatupigia makofi. Bibi alikaa kwenye kiti cha chini, mimi sakafuni na boksi. Mpango ulikuwa mimi niwe macho yake.

"Anza na lenye kovu kama ndizi."

Nikatafuta, nikalipata. "Hili hapa."

"Liweke karibu na dirisha, kushoto. Kovu lielekee juu. Sasa jirani yake ana jino upande wa kulia."

"Yenye meno ni mengi, Bibi."

"Jino fupi. Limelegea kidogo."

"Jino la jiwe linalegeaje?"

"Limechongwa na mvivu. Angalia mistari yake, mvivu hachongi sawasawa."

Niliangalia. Mistari yote niliiona sawasawa. Nikamletea matano, akayapapasa. Akayasogeza pembeni mwa jicho, akayageuza, akayarudisha. "Jiwe lenyewe ningelishika ningelijua," akasema. "Karatasi haina kitu mkononi."

Alikuwa ameyapanga mengi zamani, macho yakiwa bado na nguvu. Miezi ya mwisho aliongeza machache tu, akiongozwa na yale ambayo tayari yapo: hili liko mkabala na lile, lile limeegemea hili. Majirani wakiondoka, na lenyewe linapotea. Mimi nilikuwa na macho lakini sikuwa na habari. Yeye habari zote alikuwa nazo. Nilidhani tukikaa pamoja tungetosha kuwa mtu mmoja mzima, lakini mpaka saa kumi tulikuwa tumeweka mawe saba, na mawili kati ya hayo alisema hana hakika nayo. Nikayatoa mawili. Yakabaki matano.

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipokumbuka. Wiki tatu kabla ya hapo nilipewa yunifomu mpya. Mwanga wa chumba cha nyuma ulikuwa mzuri siku ile, Bibi yuko bafuni, nikakaa kwenye kizingiti, nikajipiga picha, nikamtumia mama. Halafu nikaifuta kwenye simu, kwa sababu ni marufuku kupiga picha ndani ya nyumba ya mteja. Nilimpigia mama pale pale. Mama ni fundi cherehani. Nilisikia mashine inakimbia nyuma ya sauti yake.

"Mama, ile picha yangu ya yunifomu unayo?"

"Ninayo. Si nimeiweka kwenye wasifu wangu, mtaa mzima wameiona. Kola imekaa vizuri. Ila bega la kulia limepwaya, kashona nani?"

"Kiwanda, Mama. Nitumie."

"Kwa nini? Umefukuzwa?"

Nikamweleza. Katikati ya maelezo mashine ikasimama.

"Kwa hiyo umezoa pateni za mtu, kama hizi zangu za kukatia nguo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Wewe. Uliyelala chini ya meza yangu ya kukatia tangu unanyonya."

"Ndiyo, Mama."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwambie huyo mama, mimi namwomba radhi. Mwambie nilikufundisha, hukushika."

Ijumaa nilikwenda kwa Bibi kabla ya shifti zangu, simu mkononi. Picha ilikuwepo. Na mimi nilikuwepo, mkubwa, katikati. Upande wa kushoto wa shavu langu unaonekana mguu mmoja wa mnara, karatasi kwa karatasi, unapanda kutoka kwenye barabara. Upande wa kulia unaonekana mguu wa pili, nusu yake. Juu kidogo ya mabega yangu miguu yote miwili inaanza kuinama, huu unaelekea kule, ule unaelekea huku. Baada ya hapo ni kichwa changu.

Bibi hakuweza kuiona kwenye simu, hata alipoielekeza simu huku na kule. "Nieleze," akasema. Nikamweleza kwa utaratibu, kutoka chini kwenda juu.

"Na juu, katikati? Zinapokutana?"

"Hapo ni mimi, Bibi."

"Unafanya nini?"

"Natabasamu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwishoni kile kicheko kikabadilika, akatoa miwani, akawa anaifuta ingawa haikuwa na kitu.

Kwa kuifuata ile picha tuliweza kurudisha miguu miwili. Nilikuwa naikuza picha kwa vidole, nasoma umbo, nalitafuta kwenye boksi, naliweka. Bibi anauliza, "Lina kovu? Lina mtaro? Linaelekea wapi?" Nikijibu sawa anatikisa kichwa kukubali. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote, na ilipofika saa tano miguu imesimama zuliani. Kwenye boksi yalibaki mawe mengi, na kati yake yale yaliyochongwa kama kabari, mapana juu na membamba chini. Hata mimi nilijua kabari kama zile ndizo zinazotengeneza tao. Nikayachukua, nikayapanga kutoka mguu huu hadi mguu ule, yakaenea vizuri sana, utafikiri yalikuwa yananingoja.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza.

"Nimelimaliza tao, Bibi. Limekutana."

"Umejuaje lipi linafuata lipi?"

"Yanapendeza hivi."

"Yatoe," akasema.

"Lakini Bibi, wewe mwenyewe ulisema tao lilikuwepo."

"Nilisema. Na nililipanga, kila jiwe na sababu yake, nikiulizwa naijibu. Hilo ulilopanga wewe ukiulizwa utasema linapendeza. Wale wanaosema minara miwili watauliza swali moja tu na kila kitu kitaanguka, hata miguu. Yatoe, mwanangu."

Nikayatoa moja moja. Nilitaka aseme jambo jingine lolote la kufanya, anitume hata kupanda huo mlima kwa miguu. Hakuwa na la kunituma. Akaomba chai.

Mgeni alifika Jumamosi, kalowa mvua, mtu mzima mwenye mkoba mgongoni kama mwanafunzi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Zamani alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakimshikia Bibi futi ya kupimia kule mlimani, na alimwinamia akambusu mkono. Walizungumza Kiingereza. Kabla hata hajakaa, Bibi akamwambia kila kitu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda stesheni. Alimaliza kwa kusema, "Huyu alisafisha nyumba kwa ajili yako." Mgeni akageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mikononi nilikuwa na sahani ya kachori, sikujua niiweke wapi.

Alivua koti, akalala kifudifudi juu ya zulia. Alikaa pale kwa muda mrefu, akitazama miguu ile ya karatasi, kisha picha kwenye simu yangu kwa kioo cha kukuzia, kisha miguu tena. Nilihesabu mara nne akirudi kwenye uso wangu, pale kwenye nywele, kana kwamba angeweza kuupenya. Mwishowe akaketi.

"Inainama," akamwambia Bibi. "Pande zote mbili zinainama. Pengine ni tao. Pengine ni minara miwili yenye mabega."

"Pengine," Bibi akasema. "Hiyo pengine ndiyo niliyokuwa nayo siku zote. Sikuhitaji mtu aniletee nyingine kutoka ng'ambo."

Nilimwona mgeni anataka kumpa kitu, na hana, sawa na mimi.

"Una fomu zako?" Bibi akamuuliza.

Alikuwa nazo kwenye mkoba. Bibi akanieleza mimi, kwa Kiswahili, kwamba kwenye uchimbaji wakikuta mahali pamevurugwa hawaparuki. Wanaandika: pamevurugwa, na nini, kwa kadiri wanavyojua. Sungura. Mzizi. Jembe. Mwizi wa mawe. "Leo tunaongeza mhudumu," akasema, na mdomo wake ukacheza kidogo pembeni. Mgeni alipofungua kalamu, Bibi akanyoosha mkono kumzuia. "Si wewe. Aandike aliyekuwepo."

Nikapiga magoti mbele ya kimeza nilichokileta mwenyewe, nikasogeza maua. Nikauliza niandike kwa lugha gani. Mgeni akasema yoyote ile, atapata mtu wa kumfasiria. Nikaandika polepole, kwa mwandiko wangu wa shule:

Jumatano mchana michoro yote iliyokuwa sakafuni iliondolewa na mhudumu wa nyumbani. Sababu ni usafi, kwa ajili ya mgeni. Ilipangwa kwa ukubwa. Pande mbili zimerudishwa kwa kufuata picha.

"Soma," Bibi akasema.

Nikamsomea.

"Hujamaliza. Mawe ya katikati yalikuwa wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Basi andika hivyo hivyo. Ukiacha wazi, atakayesoma atadhani umesahau kujaza."

Nikaandika kwamba sijui. Mgeni akasubiri wino ukauke. Kisha akaipiga picha miguu ya mnara kwa kamera yake nzuri, akakusanya karatasi akiziandikia kila moja mahali pake, akaweka fomu yangu juu kabisa, akafunika boksi. Bibi akaniuliza kama mvua imekatika, mgeni asije akalilowesha boksi njiani. Nikaenda dirishani kutazama. Ilikuwa bado inanyesha.